Kilatu Kimoja Kwenye Mdomo wa Shimo

Watu wakiniuliza nilisomea wapi kazi ya kuandika programu, huwa ninasema nilijifundisha mwenyewe, halafu ninabadilisha mazungumzo haraka. Wanafikiri nilijifungia chumbani na kompyuta na feni. Ukweli ni kwamba nilisoma nikiwa nimekalia mfuko wa udongo, chini ya hema la plastiki, kando ya shimo moja la wachimbaji madini upande wa nyuma wa Musonoi, na kazi yangu wakati ule ilikuwa kulinda viatu.

Sisi tunasema bilatu. Na mimi nililinda kilatu kimoja kimoja.

Timu yetu ilikuwa watu ishirini. Kila mmoja, kabla ya kushuka, alivua kilatu kimoja akakiacha kwenye mdomo wa shimo, cha pili akakifunga kiunoni. Akipanda, anachukua chake. Mchana ukiisha na hakuna kilatu kilichobaki, basi shimo ni tupu: tunazima mashine ya kupuliza hewa, tunavuta kamba juu, tunakwenda kunawa. Sijui nani alianzisha desturi hiyo, niliikuta. Lakini nilielewa kwa nini ni kimoja. Mtu anaweza kusahau shati, anaweza kusahau hata sahani yake ya bukari, ugali wetu, lakini hakuna anayefika kwao na kilatu kimoja mguuni bila kujua.

Hapo mwanzo nami nilikuwa nashuka. Niliacha shule mwaka wa nne wa sekondari, baba alipofariki, nikamfuata kaka yangu shimoni. Miaka miwili nilichimba nikiimba. Mimi ni mtu wa kucheka, hata gizani nilikuwa nacheka. Halafu siku moja jiwe likaanguka kwenye kona ya njia ya chini likaniponda kifundo cha mguu. Walinifunga plasta, na plasta ilipotolewa, mkuu wa timu akaniweka juu, nilinde bilatu na nitie mafuta kwenye mashine ya hewa. Mkuu huyo tulimwita PDG, kwa Kifaransa mkurugenzi mkuu wa kampuni. Kule kwetu kila mkuu wa timu ni PDG, hata kama ofisi yake ni ndoo iliyopinduliwa.

Toka siku ya lile jiwe nilikuwa naogopa shimo. Sikumwambia mtu. Nilipokuwa nalala chali nilihisi paa la nyumba linashuka polepole, na nilikuwa nageuka ubavu. Wengine wanaomba Mungu awaponye. Mimi nilikuwa naona mguu wangu unapona nikasikitika. PDG alikuwa ananitazama ninavyotembea.

"Dogo, ile muguu inaendelea?"

"Inaendelea mubaya, PDG."

"Mbona saa ya bukari inaendelea muzuri?"

Wote wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Kisha nikachechemea kurudi kwenye mfuko wangu, nikichechemea zaidi kidogo ya vile mguu ulivyotaka.

Ni pale juu ya mfuko ndipo nilipoanza kusoma. Kijana mmoja wa kufanya fotokopi sokoni alinitilia kwenye simu masomo ya Kifaransa ya kuandika programu. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka upande wa kulia, kwa hiyo mwisho wa kila mstari nilikuwa naukisia. Niliandika kwa vidole gumba viwili, huku sikio moja likisikiliza mashine ya hewa. Neno moja likikosewa, ukurasa wote unakuwa mweupe. Nilikuwa nautazama ule weupe kama mtu aliyefungiwa mlango, hajui amekosa nini.

Ukurasa wangu wa kwanza uliofunguka ulikuwa na maneno mawili: Bonjour Mama. Nilimpelekea mama yangu simu jikoni. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Ni weye njo ulinianjikia hii?"

"Ni mi, mama."

"Sasa na mi naijibu namna gani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikarudi kwenye masomo siku nne, mpaka nikaweza kumtengenezea kisanduku cha kujibia. Aliandika: kula. Neno hilo moja tu. Ninalo mpaka leo.

Miezi ikapita, mguu ukapona. Nilijua nina majuma machache tu. Hapo ndipo wazo likaja: kuandika programu ya kuhesabu watu wa shimo. Majina yote kwenye simu. Mtu akishuka nagusa mshale wa chini penye jina lake, linakuwa jekundu, akipanda nagusa mshale wa juu, linakuwa la kijani. Yote yakiwa ya kijani, maandishi makubwa yanatokea: SHIMO TUPU. Nilimwonyesha PDG. Aligusa jina lake mwenyewe mara kumi, jekundu, kijani, jekundu, kijani, akitabasamu kama mtu anayechezea swichi ya taa.

"Sikia," akasema. "Bale ba bureau ya coopérative biko na kompyuta, kazi yake ni kupiga muziki tu. Banatafuta mutu wa kutengeneza ma liste. Kintu yako ikitembea juma moja, mi mwenyewe nitakupeleka kule. Isipotembea, kamba iko pale. Muguu imeisha pona, mi siko kipofu."

Basi mambo yalikuwa wazi. Juma moja: ama meza na kiti kwenye ofisi ya ushirika wa wachimbaji, ama shimo.

PDG akanipa daftari lake, ambamo alikuwa amenakili majina yote kama yalivyo kwenye kadi, marefu, matatu matatu. Nikayaingiza moja moja. Nilipokaribia mwisho nikaona jina la kaka yangu limeandikwa mara mbili, kwenye ukurasa wa kwanza na tena kwenye ukurasa wa tatu. Nikasema moyoni, PDG alichoka kunakili. Nilipoliandika mara ya pili, programu haikuongeza mstari mpya. Ilibaki na ule ule mmoja. Nikafurahi! Nikaona mashine yangu ina akili, imekataa kurudia kosa la mtu. Majina kumi na tisa. Nikajiambia basi kumbe tuko kumi na tisa, tulikuwa tunasema ishirini kwa mazoea.

Asubuhi ya kwanza nikasimama juu ya mfuko kama mhubiri, nikawaita baba zangu na kaka zangu wote.

"Batata na bayaya, kuanzia leo bilatu hapana! Simu njo itabachunga."

Wengine walipiga makofi, wengine wakaniuliza kama simu itawachagulia na mke. Wakafunga bilatu vyao vyote viwili kiunoni wakashuka navyo. Kaka yangu peke yake akainama, akavua cha kushoto, cha buluu, chenye mkanda alioushona kwa waya, akakiweka palepale alipozoea.

Kaka yangu huyo nyumbani tunamwita Kaku, yaani babu. Ukoo wetu ulitoka Kasai, babu wa baba yangu aliletwa kufanya kazi mgodini, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina zima la babu yake. Ukishampa jina hilo, humwiti nalo ovyo. Ni kama kumpigia kelele mzee. Unamwita Kaku, hata akiwa anatambaa.

"Kaku," nikamwambia, "unaniangusha mbele ya batu."

"Simu yako inajua kuvala kilatu?"

"Hapana."

"Basi mi naacha kyangu. Kilatu njo kinanijua."

Wakacheka tena. Mimi nilichukia kidogo. Nilikisukuma kile kilatu kwa mguu mpaka chini ya ukingo wa hema, kisionekane, na nikafanya hivyo kila asubuhi.

Siku nne zilipita vizuri. Kila mchana SHIMO TUPU ilikuwa inatokea na mimi nilikuwa nasoma kwa sauti, na PDG alikuwa anasema "muzuri, muzuri". Nilikuwa nafungua orodha kila dakika, naifunga, naifungua. Nilikuwa naogopa betri. Nilikuwa naogopa jasho la kidole. Niliogopa kila kitu, isipokuwa kile nilichopaswa kuogopa.

Siku ya tano mvua ilikuja kutoka upande wa Mutshatsha, nyeusi, mapema baada ya chakula cha mchana. Mvua na shimo la udongo havipendani. PDG akapiga chuma, ishara ya wote kupanda. Wakaanza kutoka, mmoja nyuma ya mwingine, wamepakwa udongo toka nywele hadi kucha, macho tu ndiyo yanayong'aa. Niligusa jina, niligusa jina. Akapanda mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa amefika kutoka mji mdogo wa Kasaji kwa treni miezi mitatu tu nyuma na alikuwa akilala kwetu. Shimoni wote tulimwita "wa Kasaji", basi. Akaniinamia kama kila siku, maana "wa Kasaji" halikuwamo kwenye orodha, akasoma majina kwa kidole chenye matope, akagusa mwenyewe.

"Mi huyu hapa," akasema, akakimbilia hemani.

Sikuangalia amegusa wapi. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka juu ya kioo na nilikuwa nayafuta kwa shati.

"Liste inasema nini?" PDG akapiga kelele.

Nikaangalia. Kijani kitupu. "SHIMO TUPU, PDG!"

Mashine ya hewa ikazimwa. Kamba ikavutwa juu. Watu wawili wakaburuta mbao kufunika mdomo ili maji yasiingie. Sote tukajibana chini ya hema, tukaanza mambo ya mvua: mmoja anakamua shati, mwingine anatafuta kiberiti kikavu. Mimi nilikuwa na furaha. Bado siku mbili, nilikuwa nafikiri, siku mbili tu, halafu meza na kiti. Upepo ukainua ukingo wa hema na nikaenda kuukandamiza kwa jiwe.

Kilatu cha buluu kilikuwa pale. Kilikuwa kinajaa maji.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Wananiambia nilisema tu "kilatu, kilatu, kilatu". Nakumbuka nilikuwa tayari nimepiga magoti napambana na ubao, na PDG, mtu mzima yule, alinipita kama upepo, akavuta kamba ya kuwasha mashine mara moja, mara mbili, mara tatu, na haikuwaka. Mara ya nne ikawaka. Nikaweka mdomo kwenye tundu linalopitisha mpira wa hewa kati ya mbao, nikaita Kaku. Nikaita tena. Mvua ilikuwa inapiga hema kama mawe. Hapo ndipo nikamwita kwa jina lake lote, la babu, mara ya kwanza maishani mwangu, kwa sauti yangu yote.

Wenzangu wakaondoa mbao, wakateremsha kamba tena. Kamba ilitikisika.

Alipanda polepole. Alikuwa mwisho kabisa wa njia, anafunga mfuko wake, na chuma hakukisikia. Alichosikia ni hewa iliyosimama. Alikaa ukingoni, midomo yake ina rangi ya majivu, akavuta pumzi muda mrefu.

"Nani alizima hewa?" akauliza.

Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

"Ni mi, yaya."

"Wee ao mashine yako?"

"Ni mi."

Akaokota kilatu chake, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akakivaa. Kisha akafungua cha pili kiunoni, akavaa nacho. Alichukua muda mrefu.

PDG hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, huku akizungusha ule mpira wa hewa, "Kesho unashuka na benzako."

Nyumbani Kaku hakumwambia mama chochote. Mama aliweka bukari na sombe, yaani kisamvu, tukazunguka sinia, Kaku, wa Kasaji na mimi. Nilikata tonge nikalishika tu mkononi mpaka likapoa.

"Mbona huyu hakule?" mama akauliza.

"Ameshiba mvua," Kaku akajibu.

Mama akatazama sakafu, matope kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka, akaweka mikono kiunoni.

"Mu hii nyumba Mungu alinipatia ba Kaku babili, na hata moja hajue kupangusa miguu!"

Tonge likaniponyoka.

Ba Kaku wawili. Baba mkubwa naye alikuwa amempa mtoto wake wa kwanza jina la babu. Bila shaka alimpa! Kwetu nani hafanyi hivyo? Nililijua hilo toka utotoni, kama ninavyojua jina langu, lakini kwa kuwa mmoja tulimwita Kaku na mwingine wa Kasaji, majina yao ya kwenye kadi hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Yalikutana kwenye daftari la PDG, na mimi nikadhani ni uchovu wa mzee. Programu yangu ilitambua mtu kwa jina. Jina moja, mtu mmoja. Wa Kasaji alipogusa jina lake, alimpandisha na kaka yangu ambaye alikuwa bado chini. Mashine haikukosa, ilifanya kile ambacho mimi, mtoto wa ukoo huo huo, niliiambia.

Niliwaambia palepale, wote, na mama pia, maana sikuweza tena kunyamaza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda akakaa karibu na Kaku, bega kwa bega, akachukua mkono wake akauweka juu ya goti lake mwenyewe, akaendelea kula kwa mkono mwingine.

Alfajiri, kabla ya kutoka, nilimwomba Kaku anipe bilatu vyake. Nilikuwa na rangi nyeupe kidogo kwenye kopo, iliyobaki ya kuandika mlango wetu. Nikaandika 7 juu ya cha kushoto. Nikaandika 12 kwa wa Kasaji. Shimoni niliandikia wote waliokubali kunipa mguu, ishirini kamili, na nilipofika kwa PDG akanyoosha wake, akitazama pembeni. Nilibadilisha programu, sasa ilitambua mtu kwa namba ya kilatu na si kwa jina. Na niliongeza jambo la pili. Kabla ya kusema shimo ni tupu, simu inauliza: unaona bilatu bingapi? Usipojibu sifuri, inakataa.

"Desturi inarudi," nikamwambia PDG. "Simu itaisaidia tu. Ilikuwa ujinga kuiondoa."

"Na kamba?" akauliza.

"Nitashuka, PDG. Ulisema."

Alikuna kidevu. "Shuka. Tutafanya sawa jana. Bote bapande, we ubakie. Kama simu inasema hakuna mutu, tunazima hewa. Njo nitajua kama ni kintu ya kweli."

Sijui kama alikuwa anatania. Hata leo sijui, na nimemwuliza.

Nilivua kilatu cha kushoto, namba 20, nikakiweka. Simu nikampa Kaku, abaki juu mahali pangu. Nikaushika ule mkanda wa kamba na miguu ikakataa, nikaiomba, ikakubali. Chini palikuwa na harufu ileile ya udongo baridi na jasho. Nilipita ile kona ya jiwe langu nikiwa nimefumba macho, nikipapasa ukuta. Nilichimba na wenzangu nusu siku, sikuimba.

Kisha chuma kikapigwa na wote wakapanda. Nikasikia miguu yao inaisha, sauti zao zinaisha. Nikabaki na taa ya kichwani na mpira wa hewa ukipuliza karibu na sikio. Fuuu, fuuu. Nilikaa, nikashika ule mpira kwa mikono miwili kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Nilirudia code yangu yote kichwani, mstari kwa mstari, mabano yote, nikitafuta kosa, na kila mstari nilipoufikia niliona ungeweza kuwa ndio wenyewe. Kama namba 20 niliiandika mara mbili? Kama betri imekufa? Kama Kaku amegusa vibaya kwa vidole vyake vinene? Kama amekasirika bado? Nililifukuza hilo la mwisho, likarudi. Hewa ilikuwa inapuliza. Nilihesabu, nikapotea, nikaanza upya. Ilikuwa bado inapuliza.

Kamba ikatikisika mara tatu. Sauti ya kaka yangu ikashuka, ndogo, kama inatoka ndani ya chupa.

"Simu inasema kungali mujinga moja mu shimo! Njo wee?"

"Ni mi, Kaku!" nikapiga kelele. "Ni mi!"

"Basi panda, bukari inapoa."

Nilipotoa kichwa nje, jua liliniumiza macho na kwanza sikuona kitu. Halafu nikamwona amechuchumaa ukingoni, juu yangu kabisa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika simu, orodha imefunguka, kijani kumi na tisa na jekundu moja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kilatu changu, umekibana kifuani.